Kifyonza Vumbi cha Boti

Nzigire, karani wa boti ya usiku,
kanituma Birere na dola arobaini:
"Lete kinywa kisichobagua."

Muuzaji akawasha kikubwa.
Kikanguruma, taa za duka zikasinzia;
betri yetu, nikawaza,
ingekata roho hata Idjwi hatujafika.

Kile kidogo, cha mkononi, kilikohoa tu.
Nikatoa mfukoni majivu ya mlima
niliyoyafunga kwa karatasi ya mkate,
nikayamwaga juu ya kaunta
pamoja na vichwa viwili vya sambaza
na tone la maji ya ziwa.

Kikala yote.
Muuzaji hakucheka.

Sasa abiria wakishuka Bukavu
nafyonza sitaha: nywele, makombo, unga wa muhogo.
Na majivu, kila safari.
Mlima unapanda bila tiketi.

Nzigire bado ananidai chenji.