Jozi ya Nane

Tulitoka Barka alfajiri, gari mbili,
mikate ya ufuta, chupa nne za kahawa,
na jangwa. Jangwa hadi Haima,
jangwa baada ya Haima,
Lujaina akiuliza kila kituo cha mafuta
kama maporomoko bado yako mbali.

Mimi niliajiriwa kwa ajili ya watoto, si safari,
lakini watoto wakipanda gari
mkataba nao hupanda.

Thumraiti ikapita. Barabara ikainama,
na ghafla kioo kikalowa.
Bwana Yaarub akashusha madirisha yote,
akatoa mkono, kisha kichwa,
mtu mzima mwenye mvi akiyachekea manyunyu
kama aliyelipwa deni alilokwisha kulisamehe.

Kwetu Marangu ukungu ni wa kulalamikiwa:
nguo hazikauki, kuni zinafuka moshi,
kahawa inaota kuvu uani.
Na maporomoko yalikuwa nyuma ya migomba,
yakinguruma usiku kucha kama jirani asiye adabu.
Mama akitaka kutuita alipiga sufuria.
Hakuna aliyeyapiga picha.
Tulifua pale. Tulipoteza sabuni pale.

Darbati, siku ya Ijumaa:
magari ya Kuwaiti, ya Riyadhi, ya Ajmani,
mazulia yametandikwa matopeni, mvua inanyunya,
na watu wameketi juu yake kwa raha zao
wakila mishkaki, chai ikiongezwa maji na mbingu.
Ngamia wanapita katikati
kama wenye nyumba waliochoshwa na wageni.
Na kule juu, ukingoni mwa jabali,
maji yanajitupa.

Sikutaka kushtuka. Nilishtuka.
Si kwa urefu wake, kwa harufu:
udongo, majani yaliyopondeka, jiwe bichi.
Pua yangu ilifika Marangu kabla yangu.
Nikaiita irudi, kuna kazi.

Kazi yenyewe: jozi saba za viatu.
"Aikande, vishike. Aikande, tupige."
Nikawapiga kwa upana, nikawapiga kwa urefu,
hebu tena, Lujaina kafumba macho,
Bi Thuraya ataka maji yaonekane yote
na baibui lisionekane limelowa.
Kwenye picha moja nimo:
kidole gumba, kona ya kushoto.

Bi Zawana hakushuka. Magoti yake hayapatani na mawe.
Alizaliwa Wete; akanisogezea kigoda:
"Keti, mwanangu. Maji hayendi pahala."
"Bibi," nikasema, "ndiyo kazi yake pekee."
Akacheka mpaka mtandio ukamtoka.

Ndipo mto ukachukua ndala ya Almuhannad,
aliyekuwa amegoma kuvua.
Nyekundu, ya kulia. Ikazunguka mara mbili,
ikazama chini ya weupe ule.
Baba yake akakodolea macho ilipozamia,
vijana wawili wa Kuwaiti wakakodoa naye.
Pale ndipo wanapotazama watu wasiofulia mtoni.

Maporomoko hayali kitu.
Humeza, hutafuna kidogo,
kisha hutema kando, nyuma ya jiwe la kwanza
linalogeuza mkondo. Nimefundishwa na sabuni.

Nikavua vyangu, nikaviweka mwisho wa safu.
Bi Zawana akalaza mkongojo juu ya jozi zote nane
kama askari wa benki. "Nenda."

Hatua arubaini, maji ya magoti,
baridi ile ile, jamani, ile ile.
Nyuma ya jiwe: kifuniko cha chupa, chanuo,
ganda la ndizi, na ndala.
Nikaitwaa. Nikabaki pale
zaidi ya ndala ilivyohitaji.

Usiku nikampigia mama.
"Siku nzima garini," akasema, "kutazama maji?"
Maneno mengine sikuyapata;
nyuma yake kulikuwa na ngurumo.
Nikamwambia: mama, usiseme kitu,
isogeze simu dirishani.