Ringi

Kopwe kaipindua baiskeli ya nesi,
magurudumu juu kama kobe aliyelemewa,
na ubishi umeanza tena
kabla kiraka hakijashika gundi:
nani alikuwa senta kamili wa mji huu?

Si mfungaji bora, anasema, spana mdomoni.
Si mrefu. Kamili.
Anayekaba, anayedaka, anayetoa,
anayetupa kwa mbali bila kuona haya.

Chambuso hangoji zamu.
Kwake ni Ngoda wa Relwe, yuleyule Ngoda
aliyetoka karakana na grisi kwenye viwiko;
ukikabana naye unarudi Ngamiani na shati jeusi,
mama anauliza ulilala chini ya behewa gani.
Mkono wa kushoto, mkono wa kulia,
hukujua upi alizaliwa nao.

Semboja, anajibu Kopwe. Bandari.
Mwaka ule maji yalipoingia Mabawa.
Ribaundi kumi na tisa mechi moja,
akizishusha kama magunia, polepole, bila kuhema.

Chambuso anatua kikombe cha kahawa,
anakohoa kikohozi cha mtu mwenye beti mfukoni:

    Urefu kweli anao, na mabega ya kufaa,
    Ila chini ya ubao, pasi kwake hunyamaa,
    Wenziwe wangoja nao, mpaka kuisha saa,
    Mkono ufumbatao, haulishi penye njaa.

Tunacheka. Kopwe naye anacheka, kwa hasira.

"Na Mwanakombo Shehoza je?"
Ni nesi, juu ya debe lililofunikwa gunia.
Barabara ya Nane yote ikanyamaza,
au mimi ndiye niliyeacha kuisikia.

Mwanakombo wa Bombo.
Alikuja uwanjani akitoka zamu ya usiku,
na viatu vya wodini, soli zisizolia.
Aliipa ringi mgongo
kama mtu anayengoja ndugu stesheni;
mpira ukimfika umeshaondoka,
nawe ndiyo kwanza unafumba mdomo.

"Futi tano na inchi kumi," anasema Chambuso,
"hicho ni kimo cha winga."
Lakini sauti imepungua.

Wananigeukia mimi.
Miaka kumi na miwili nilikaa meza ya alama,
kalamu nyekundu kipindi cha kwanza, bluu cha pili.
Daftari ninalo bado. Mchwa wamemla Semboja ukingoni,
Ngoda kamwagikiwa chai.

Niwaambie nini?
Daftari halina safu ya hicho wanachouliza.
Sikuwa na pa kuandika
kwamba usiku umeme ulipokatika
ni Semboja, bahili huyo huyo,
aliyesimama chini ya kikapu akipiga makofi
wenziwe wajue pa kutupia.
Wala kwamba Ngoda alimwogopa refa mmoja mfupi,
akicheza mbele yake anakuwa nusu ya Ngoda.
Na Mwanakombo, fainali, zimebaki dakika nne,
aliomba mwenyewe atoke,
akaingia kibinti wa Makorora
ambaye hata jezi ilikuwa ya kuazima.
Niliandika "katoka". Herufi sita.
Tulifungwa kwa pointi moja
na hadi leo hakuna aliyemuuliza kwa nini.

Nesi anazitazama spoki.

Kopwe anazungusha gurudumu,
kidole karibu na ringi, asikie panapogusa.
Anakaza spoki moja, anailegeza jirani yake,
anazungusha tena.

"Itanyooka?"

"Itakwenda, mama. Ringi iliyo duara kabisa
sijaiona tangu nianze kazi hii.
Hata ile ya uwanjani tuliichomea hapahapa,
na ilipenda kushoto."

Chambuso ameinuka, kahawa imemwagika.
"Kushoto? Tangu mwaka gani?"

Nalowesha kidole,
nafungua daftari.