Kuchacha

Bwana Thabit, karatasi ya mshahara nimeipata.
Nimeisomea garini, taa ya kabini haiwaki,
kwa mwanga wa simu ya utingo wangu, Vuai.
Lita zimeandikwa.
Upungufu umeandikwa: lita kumi na mbili kila safari,
na makato yake kwa wino mwekundu,
mwandiko mzuri, mashaallah.
Saa hazimo.
Nikaigeuza, pengine ziko nyuma.
Nyuma pana duara la kikombe chako,
chai ya maziwa.

Basi nakujazia mwenyewe.

Saa tisa za usiku nnaondoka Donge.
Mke wangu yu macho lakini hasemi,
keshazowea kuagana na mgongo.
Kitope, madumu sita.
Kiboje, Bi Mize na kandili yake na ng'ombe wake mmoja:
"Nenda nayo taratibu, baba, hiyo ni ada ya skuli."
Taratibu! Na njia ile ya Bambi,
shimo likikuachia, jengine lishakupokea.
Uzini mvua. Vuai anashuka kupima kina kwa magoti,
chupa ya spiriti kaipakata kama kitoto kichanga,
maana ikivunjika ni yake, si yenu.

Saa mbili asubuhi niko getini kwenu.
Saa tano niko getini kwenu.
Injini sizimi, tangi litapoteza ubaridi;
dizeli inaliwa na foleni, jina linaandikwa langu.
Maziwa yana digrii nne, yamejilaza huko nyuma kama bwana harusi.
Kabini ina digrii ngapi sijui.
Huku hakuna kipimo.
Mtu ana lita elfu nne mgongoni
anakunywa chai ya rangi, tena ya mkopo.

Jioni narudi tena Kiboje.
Ng'ombe wa Bi Mize hukamuliwa mara mbili kwa siku
na baina yake hupewa majani.

Juzi yalichacha. Unajua, uliniita.
Umeme ulikatika kwenu, mashine zenu zikalala,
geti likafungwa, mimi nje na jua.
"Yamechachia mikononi mwako," ukasema.
Sawa.
Mimi nimechacha tangu Mfungo Tatu
na hajaitwa mtu ofisini.

Lakini kilichonishikisha kalamu ni zile kumi na mbili.
Nilidhani Vuai anakunywa. Nikamwapiza, akaapa,
na siku mbili tukaendesha bila ya kusemezana.
Jana usiku naosha tangi, saa nyengine mbili ambazo hazimo,
nikatia kichwa ndani na tochi.
Yamo, Bwana Thabit.
Yameshika ukutani, utando mwembamba, mweupe,
mpira wenu wa kuvutia haufiki.
Nikamimina maji ya moto, yakatoka kama tui la pili,
yakafuata mfereji nyuma ya stoo,
na paka washafika zamani, kumi na moja nimewahesabu,
wanene, wala hawanipishi.
Saa yangu wanaijua kuliko wewe.

Nisamehe, Vuai. Hili nalisema hapa
kwa sababu garini limenishinda.

Na paka sina ugomvi nao.
Kiumbe wa Mungu ukimlisha ni thawabu.
Ila sadaka mtu huitoa kwa mkono wake;
hii mnanitolea nyinyi
kila mwisho wa mwezi, kwa wino mwekundu,
halafu sijui thawabu mnaiandika kwa nani.

Karatasi naipitisha chini ya mlango wako.
Saini sijatia.
Penye saini nimeandika: saa kumi na saba.
Vuai kaandika yake pembeni, kwa herufi kubwa,
kalamu ikatoboa.