Mlinzi wa Usingizi wa Wengine

Chumba namba nne, Oulu, mwezi wa Januari.
Nje baridi imeshuka nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri,
ndani namgandishia mzee Tauno nyaya kichwani,
mmoja mmoja, hadi ishirini na mbili,
kwa gundi inayonuka rangi ya kucha.
"Unanipamba kama bibi harusi," asema.
"Legeza shingo," namjibu.

Miaka thelathini na minne kiwanda cha karatasi,
wiki hii asubuhi, wiki ijayo mchana, ile nyingine usiku,
mwili wake ukawa kama saa iliyoangushwa:
inatembea, ila haijui inakokwenda.
Moyo una kidonge chake. Sukari ina chake.
Presha ina cha asubuhi na cha jioni.
Usingizi ulikuwa nacho pia, akakiacha;
kilimfanya azungumze na kabati.

Nazima taa. Nakaa upande wa pili wa ukuta
nikiitazama mistari kwenye skrini.
Mwanzo ni mang'amung'amu, mistari ya kuparaza,
kama mwandiko wa mtu aandikaye garini.
Kisha, saa sita na robo, linakuja nililolisubiri:
wimbi refu, pana, lisilo na haraka,
na jingine nyuma yake.

Daktari Hakkarainen hutueleza wakati wa kahawa,
kipande cha mkate mweusi mkononi:
katika usingizi huu mzito, wanavyodhani watafiti,
maji ya ubongo hupanda na kushuka,
hupenya vichochoroni yakizoa taka za mchana,
vijiprotini vilivyochakaa, vile ambavyo
vikirundikana miaka na miaka
huenda vikamsahaulisha mtu jina la mwanawe.
"Wanavyodhani," hurudia, kwani ni mtu wa tahadhari,
"na kwa panya tumeona mengi kuliko kwa watu."
Mimi sina tahadhari hiyo.
Mimi namwona mama mmoja mwenye ufagio na ndoo,
aingiaye ofisini wote wakishaondoka,
anayeudhika taa ikiwashwa kabla hajamaliza.

Kwa Tauno amefagia dakika kumi na moja.
Basi.

Saa kumi na robo mstari unapasuka.
Ameketi kitandani, nyaya zikining'inia,
mkono unapapasa sakafuni ukitafuta buti.
"Kiwanda kilifungwa," namwambia toka mlangoni, taratibu.
"Najua," asema. "Miguu ndiyo haijapata barua."

Kisha, bila kuulizwa, anamsimulia Hilkka, marehemu mkewe:
mchana alitundika blanketi la jeshi dirishani,
akawaziba watoto midomo kwa peremende,
akaosha vyombo kwa maji membamba kama uzi,
kijiko kikimponyoka anakidaka hewani.
"Alinilindia usingizi wangu miaka yote hiyo.
Yeye alilala lini, sikuwahi kuuliza."
Ananitazama, nusu uso umebanwa na plasta.
"Na wewe, binti?"

Fomu yetu ina maswali sitini na moja.
Hilo halimo.

Saa mbili asubuhi natoka, giza halijasogea,
katapila la theluji linaikwangua barabara hadi mfupani.
Nyumbani mwanangu Veikka amevulia viatu nje,
ana miaka tisa, leo hawasomi,
amejifunza kufungua friji kwa kuishikilia kama yai.
Sikumfundisha mimi.

Navuta pazia. Najilaza.
Nayajua yote: mwanga, homoni, joto la chumba,
saa ileile kila siku, simu mbali na mto;
ni mimi niliyeyachapa katika kijitabu tunachowapa wagonjwa.
Usingizi haujui kusoma.
Nafumba macho namngoja yule mama wa ndoo,
huku sebuleni mtoto anatafuna biskuti
polepole,
polepole sana, ili isilie.