Kinyume cha Kufungua

Karatasi iliyokuja na mabomba ni moja tu,
imekunjwa mara nne, picha zake hafifu,
na chini kabisa, kuhusu kufunga, mstari mmoja:
"Kufunga ni kinyume cha kufungua."
Mireille anausoma kwa sauti, tochi kwapani,
kisha anacheka. Ana miaka kumi na mitatu
na ameishi nami vya kutosha.

Aprili, Sudbury. Theluji ya mwisho imejikunyata
nyuma ya gereji, nyeusi kama masizi.
Miezi mitano barabara zetu hulishwa chumvi,
na chumvi nayo hula magari kuanzia chini,
taratibu, kama mtu anayekula huku ana mawazo.
Honda hii ina miaka ishirini na sita.
Ukiigonga ubavuni, kutu inamwagika sakafuni
kama majani ya chai.

Niliipandisha kwa jeki, nikaiwekea stendi,
nikaisukuma kwa bega nijue kama itaniua.
Haikutikisika. Nikaingia.

Boliti tisa, zote namba kumi na nne.
Na kasha la soketi alilolinunua Normand
lina kumi na mbili, kumi na tatu, kumi na tano,
na katikati pengo safi la mviringo
kama fizi ya mtoto.
Aliondoka na gari jipya, mbwa, na soketi moja.
Mbwa nilimlilia.

Basi nikavuka ua hadi kwa Bwana Lahtinen,
miaka thelathini na moja kwenye tanuru la nikeli,
sikio la kushoto limebaki hukohuko.
Hakuuliza kitu. Alinipa soketi ndani ya soksi,
akasema: "Irudi leo."

Nane zilitoka, si kwa hiari:
mafuta, nusu saa, mafuta tena,
kipande cha bomba kuurefusha mkono wa spana,
na matusi yetu ya Kifaransa, ambayo yote
ni vyombo vya kanisani, kalisi, tabernakulo.
Mireille aliyahesabu kwa vidole, akaishiwa vidole.

Ya tisa ilikatika.
Sikusikia kishindo, nilisikia wepesi.
Spana iliyogoma ikazunguka laini kama uongo,
kichwa cha boliti kikawa kiganjani mwangu
na shingo ikabaki ndani ya injini.
Nililala pale nikiitazama.
Kuna vitu huachia hivyo;
unadhani hatimaye vimekubali.

Keekee ilimaliza Jumamosi yote:
tundu la sindano, la penseli, la kidole.
Usiku ndipo menifoldi kuukuu ilipotoka,
chuma cha kusubu, nzito kama mtoto aliyelala,
na Mireille akaipokea vilevile, kwa mikono miwili.

Jumapili tukaanza hicho kinyume.
Mabomba mapya, manne, yanajipinda yanavyotaka,
yanakuwa mawili, halafu moja,
na hayapiti palipopita ya zamani.
Ikabidi tufungue feni, tusiyoigusa jana.
Ikabidi tufungue rejeta. Tulifungua zaidi ili kufunga
kuliko tulivyofungua ili kufungua.
Karatasi niliifutia mikono.

Saa moja jioni nikawasha.
Kwanza moshi, mafuta ya kiwandani yakiungua,
halafu fedha ya mabomba ikageuka rangi ya majani makavu,
ikawa zambarau, ikawa buluu karibu na injini,
na sauti, jamani, sauti nzito iliyopanda
kwenye nyayo kabla ya kufika masikioni.
Mireille alipiga kelele; nilimwona mdomo tu.

Chini ya sauti hiyo, tik, tik, tik.
Silinda ya tatu inavuja. Ile ya boliti iliyokatika.

Bwana Lahtinen alisimama mlangoni kwa ndala
juu ya tope la theluji, kiganja mbele yake.
"Soketi," alisema.
"Kesho," nikamjibu, nikionyesha silinda ya tatu.
Akageuza sikio lake la kulia, akasikiliza,
akasikiliza muda mrefu kuliko ilivyohitajika,
akatia mkono mtupu mfukoni.
"Kanyaga tena," akasema.