Anayefuta Vioo

Saa kumi na moja alfajiri, Alberta, baridi ya kukata masikio.
Polikseni anawasha taa za ukumbi moja moja
na mifupa inaamka.

Ndoo, tambara, chupa ya siki.
Chini ya kila kiunzi pana kibao,
na kwenye kibao jina refu kama treni ya mizigo
ambalo watoto wa shule hulikatakata mabehewa
na walimu wao hulipita kimya.

Yeye halipiti. Ni mtu wa Kozani,
maneno haya aliyakuta jikoni kwa mama yake.
Savra: mjusi wa ukutani, aliyemfukuza kwa ufagio,
ndugu wa yule tunayemwita kafiri
bila kumuuliza dini yake.
Kerato: pembe, ya mbuzi aliyemchania sketi.
Pahis, mnene. Kefali, kichwa.
Siku alipoifikia Pakisefalosauri
alicheka peke yake hadi ndoo ikamwagika:
"Kichwa kinene! Shemeji yangu Thrasos mtupu!"

Orrin Thiessen, mwandishi wa vibao, alimsikia.
Yeye Kigiriki alikinunua chuoni, kwa mkopo wa miaka tisa,
hukitoa kabatini kama suti ya harusi.
Akamweleza kwa adabu kwamba dhinos ni wa kutisha,
ndiyo maana ya dinosauri, mjusi wa kutisha.
"Hata kwetu," akasema, akikamua tambara,
"lakini muogeleaji anayevuka ziwa na kurudi
naye ni dhinos. Aliyezidi ufundi.
Labda hawa walikuwa mafundi wa kuishi."
Orrin akaliandika hilo kiganjani.

Na Maiasaura? Kibao kinasema: mama mwema.
"Kwetu maia ni mkunga. Wangu alikuja juu ya nyumbu,
theluji magotini, akanipokea, akadai jibini."

Kuna kona moja ambako Kigiriki chake kiligota.
Oviraptor: Kilatini, lugha ya mapadri wa watu wengine.
"Huyu?"
"Mwizi wa mayai."
"Nani alimwona?"

Walimkuta Mongolia, jangwani, juu ya mayai,
wakadhani ni ya jirani.
Miaka sabini ikapita, akapatikana mwingine wa ukoo wake
amekikalia kiota, mikono ameitandaza,
na katika yai lililovunjika, kinda la damu yao.
"Yalikuwa yake," alisema Orrin.
"Na jina?"
"Sheria. Jina la kwanza halifutiki."

Hoteli moja ya Calgary, mwaka wake wa kwanza,
vijiko sita vya fedha vilipotea,
vikaonekana baada ya wiki, nyuma ya friji.
Wakaendelea kumwita yule wa vijiko.
Hayo hakumwambia Orrin. Alisema tu
kioo hiki kina alama za vidole,
akakifuta,
akakifuta tena pale palipokwisha kung'aa.

Jina jema hung'ara gizani, husemwa.
Baya halingoji hata giza.

Wiki ile karatasi ndogo ilibandikwa chini ya kibao,
bila idhini, herufi zimepinda:
Alikuwa akiatamia.
Mkurugenzi ameibandua mara mbili.
Hurudi.