Hatua Ishirini na Mbili

Miaka thelathini na moja nililipwa kuiondoa.
Saa tisa za usiku, greda likinguruma kama mtu anayedaiwa,
taa ya njano ikizunguka juu ya kichwa changu,
nikiikwangua theluji ya Kainuu
mpaka lami itokeze, nyeusi kama ufizi.
Nyuma yangu mchanga: chwa, chwa, chwa.
Kazi safi. Zamu yangu halikuteleza gari hata moja.

Ni Saimi peke yake aliyenilaani.

Alikuwa na sleji ya kusukuma kwa mguu,
kiti cha mbao juu ya vyuma viwili virefu;
unasimama nyuma, mguu mmoja unapanda, wa pili unapiga chini.
Magoti yake yalibaki kiwandani, kwenye mashine za kupasua mbao,
lakini mpe theluji iliyoshindiliwa, ngumu, yenye kung'aa,
na yule bibi wa miaka themanini na minne
alikupita kama uvumi,
viazi kitini, mkate mweusi, siku nyingine paka.
Mpaka afike nilipopita mimi. Krrr.
Anasimama katikati ya barabara, ngumi juu:
"Taisto! Nani kakutuma uniibie miguu?"

Nami nikacheka ndani ya greda. Joto,
na chupa ya chai imejaa kahawa.

Mwaka huu haikuja.
Novemba ilianguka siku mbili, ikatudanganya, ikayeyuka.
Desemba tukasema itakuja tu, kwani lini imewahi kutuacha?
Krismasi mvua ikapiga mabati.
Watoto wa shule walibeba skii Jumatatu,
wakazirudisha nyumbani Jumatatu hiyo hiyo.

Jua letu la Desemba huzama saa nane mchana.
Theluji ndiyo hubaki imeushika mwanga,
ikiugawa kidogo kidogo hadi usiku, kama mama mwenye sukari haba.
Bila yake giza linapanda kutoka ardhini
na kuingia viatuni.

Nimestaafu, lakini saa tisa naamka bila kuitwa.
Nasikiliza. Theluji ina ukimya wake;
unaujua hata ukiwa usingizini,
kama unavyojua kuna mtu chumbani.
Hakukuwa na mtu. Mfereji wa paa tu ukidondoka.

Na pazia la Saimi siku nne halijafunguliwa.
Sleji imeegemea ukuta, vyuma vimeanza kutu.
Magazeti yamevimba kwenye sanduku la barua.

Nikachukua toroli.
Nyuma ya jengo la zimamoto, upande usioona jua,
palikuwa na kichuguu cha ile theluji ya Novemba,
chafu, ina majani na kokoto.
Toroli kumi na saba. Mgongo ukaniuliza umri wangu.
Nikaimwaga kutoka ngazi zake hadi sanduku la barua,
nikaipigapiga kwa koleo, nikainyunyizia maji.
Mimi huyu.
Usiku ule baridi ikaja, kidogo, kama mkopo.

Asubuhi akatoka. Akatazama chini muda mrefu.
Akaishusha sleji, akafuta vyuma kwa pindo la aproni.
Mguu mmoja juu. Mguu mmoja nyuma.

Ile sauti sijui niiteje.
Kama mtu anayefungua, taratibu, bahasha
aliyoingoja hadi akaona haya kuingoja.

Hatua ishirini na mbili. Akarudi. Akaenda tena.
Mara ya nne akageukia dirisha nilikojificha
na kupaza sauti kijiji kizima kisikie:
"Taisto! Hata humu umetia mchanga!"

Saa sita mvua ikaanza.
Hakuingia ndani. Aliketi kwenye kiti cha sleji,
magazeti yaliyolowa mapajani,
mpaka vyuma vikagusa changarawe.